Orodha za maneno ya Kiingereza zahitaji sentensi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie orodha za maneno mnazowachapishia wanaojifunza Kiingereza, ambazo huweka neno moja la Kiingereza mkabala na neno moja la Kiswahili kana kwamba yanalingana sawasawa.

Katika orodha hizo, "borrow" na "lend" yote hufasiriwa kuwa kuazima. Si uongo, kwani tukisema "niazime kalamu" au "nimeazima kalamu" tunatumia kitenzi kilekile, na muktadha ndio unaotuonyesha kalamu imetoka kwa nani. Kiingereza sanifu hakina uhuru huo: "borrow" ni la anayepokea na "lend" ni la anayetoa, ndiyo maana mwanafunzi aliyekariri orodha husema "borrow me your pen" asijue alipokosea. Angeelezwa kwa mfano wa kukopa na kukopesha, angeelewa mara moja. Ajabu ni kwamba kwa "rent" mambo yamegeuka: mpangaji na mwenye nyumba wote hulitumia, ilhali sisi tuna kupanga na kupangisha.

Mimi mwenyewe niliwahi kuponzwa na herufi moja. Nilimwandikia msimamizi wangu wa kazi "I have few questions", nikikusudia kwamba nilikuwa na maswali kadhaa. Yeye akaelewa kwamba sikuwa na maswali yoyote ya kumsumbua, akanishukuru na kufunga mjadala. "A few" ingemjulisha kwamba maswali yapo, lakini "few" peke yake husisitiza uhaba. Kamusi yangu iliandika "-chache" tu, nami siilaumu sana, maana sisi tofauti hiyo tunaimaliza kwa kuongeza "mno" au "tu".

"Hand" na "arm", ambayo kwetu yote ni mkono, hayana ugumu. Mchoro mmoja unatosha. Yanayohitaji sentensi ni kama "say" na "tell", ambapo la pili, kama kuambia kwetu, kwa kawaida hutaka atajwe anayeambiwa, na asiyelijua hilo ataendelea kuandika "he told that he was ill" hata baada ya kukariri maneno mia.

Napendekeza kila jozi ya namna hiyo ichapishwe pamoja na sentensi mbili kamili, hata ikibidi orodha yenyewe ipungue nusu.

Wako,
Msomaji wa kila siku