Kabla hujampa jibu mheshimiwa

Oya Kessy, mambo? Najua nimekaa kimya tangu msiba wa kina Rama, usininunie, shifti za huku Haarlem, Uholanzi, zinanimaliza kaka. Zuhu kaniambia mheshimiwa anakupa tenda ya katuni za kampeni yake, ndo maana naandika saa hizi badala ya kulala.

Kuna jamaa nataka umjue, Romeyn de Hooghe, kazaliwa Amsterdam 1645 kafia hapahapa Haarlem 1708. Alikuwa anachora kwa sindano kwenye bamba la shaba lililopakwa nta, asidi inakula ile mistari, anapaka wino, anagandamiza karatasi, nakala zinatembea mtaani. 1672 Wafaransa walivyovamia Uholanzi akachora wanajeshi wao wakiua raia kwenye vijiji vya Bodegraven na Zwammerdam, nyumba zinawaka, aisee nilizikuza kwenye tovuti ya Rijksmuseum, makumbusho ya Amsterdam, chai ikanishinda. Sasa sikia, miaka minne tu nyuma mtu huyohuyo alikuwa Paris anachora ubatizo wa mtoto wa Louis, mfalme wa hao hao Wafaransa! Baadaye akawa mtu wa Willem wa Orange, kiongozi wa Uholanzi, moja kwa moja, Louis akageuzwa kichekesho.

Siyo hela ninayoogopa, hela chukua, kodi ya nyumba haingoji. Hata yeye alifaidi, 1675 mfalme wa Poland alimpa cheo cha kiungwana, wewe najua utapewa tisheti na kofia, hahaha. Ninachoogopa ni 1690. Willem kagombana na wakubwa wa Amsterdam, jamaa kaingia kwenye vita ya vijitabu kumtetea, na wapinzani hoja zake wakaziacha wakamchimba yeye mwenyewe: eti mwizi, eti anamkufuru Mungu, eti anachora picha chafu. Na wewe na zile ulizomchoreaga Bonge ukutani geto, ambazo... basi tu.

Halafu bado nawaza ile ya Paris. Mkono uleule, miaka minne tu! Sijui alikuwa anaamini au alikuwa kazini.

We unamuamini huyo mheshimiwa kweli? Jina lako litakaa chini ya katuni au watakuficha? Akishindwa, akija mwenzake na hela zaidi, utachora? Shemeji anasemaje? Na ile elfu hamsini yangu umeisahau ama unangojea tenda?