Barua ya wazi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data: Ni nani anayetazama nilipo?

Kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data,
Nairobi.

KUH: OMBI LA KUJULISHWA WALIOTAZAMA MAHALI NILIPO KUPITIA SIMU YANGU

Mheshimiwa Kamishna,

Pokea salamu zangu za heshima. Shuleni tulifundishwa kwamba barua rasmi huanza kwa anwani ya mwandishi. Hii yangu haina anwani, na si kwamba nimesahau kuiandika. Niko Pwani, kaskazini ya Mombasa, na zaidi ya hapo siwezi kusema hadharani. Jina langu kamili, namba ya kitambulisho na nyumba ninayoishi nitavileta ofisini kwako ndani ya bahasha, kwa mkono wangu mwenyewe. Katika miezi minane nimehama mara mbili kumkimbia mtu mmoja, na mara zote mbili amenifikia. Sina shaka tena kwamba kinachomwonyesha njia ni simu ninayotembea nayo.

Ijumaa iliyopita, magharibi ikikaribia, nilikuwa nimesimama kwa mama mboga. Simu ikalia, namba ngeni. Nilipokea kwa sababu mimi ni mshonaji, na mteja mpya siku zote huja kwa namba ngeni. Alikuwa ni yeye, mume niliyemwacha. Hakunitukana wala hakupaza sauti. Alinitajia msikiti ulio nyuma ya kibanda kile, akataja na duka la rangi lililo mkabala nao, kisha akasema, "Umehamia pazuri." Nikaiacha mboga mezani na pesa nimeshatoa. Usiku ule mimi na wanangu wawili hatukulala nyumbani, na wiki hii yote hawajaenda shule.

Mheshimiwa, naomba nikueleze tulivyofika hapa, maana nimelieleza jambo hili kwa watu wengi na kila mmoja ananisikiliza mpaka katikati.

Simu hii niliichukua kwa lipa mdogo mdogo nikiwa bado kwa mume wangu. Nilitoa amana ya Sh3,000, halafu Sh70 kila siku kwa mwaka mzima. Ukijumlisha unapata Sh28,550 kwa simu ambayo dukani ilikuwa inauzwa Sh14,000. Nililijua hilo na nikakubali, kwa kuwa nisingeweza kutoa 14,000 kwa mkupuo, na siku hizi mteja wa dera hataki kuja dukani, anataka atumiwe picha. Wakala alikuwa kijana mstaarabu, amekaa chini ya mwavuli kando ya steji. Akachukua kitambulisho changu, akanipiga picha, akanakili namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yenyewe, kwenye daftari lake, akaniambia nimpe namba za watu wawili wa karibu. Mke aliye nyumbani kwake atatoa namba ya nani? Nilitoa ya mume wangu na ya dada yangu. Kisha yakaja maandishi mengi ya Kiingereza kwenye kioo, madogo, na kijana yule akayapitisha kwa kidole chake na kubonyeza pa kukubali, simu ikiwa mkononi mwake, si mwangu. Aliniambia, "Hii ni kawaida tu, mama."

Miezi miwili baadaye mume wangu alinivunja mkono wa kushoto. Hakikuwa kipigo cha kwanza, ila ndicho kilichonitoa. Niliripoti polisi, nikapewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, ambayo ninayo hadi leo, nikatoka na watoto, cherehani na simu. Nikapanga chumba Mtwapa. Mkono ukiwa kwenye plasta huwezi kushona, na usiposhona huna zile Sh70. Nikachelewa siku nne. Simu ikajifunga, hilo nilikuwa nimeambiwa. Nisichoambiwa ni kwamba watu wa kudai wa kampuni iliyonikopesha simu wangempigia mume wangu na kumwambia simu inaonekana iko Mtwapa, karibu na shule fulani.

Najuaje? Aliyenieleza ni yeye mwenyewe, amesimama mlangoni pangu siku ya pili yake, anawaonyesha majirani meseji aliyotumiwa. Alisema mbele ya watu, "Kampuni yenyewe imeniambia mke wangu yuko wapi." Majirani walimzuia asiniguse, Mungu awabariki, lakini aliondoka na kichwa cha cherehani yangu. Cherehani ile nilikuwa nimeinunua kwa miaka mitatu ya kuweka akiba kwenye chama.

Nilikwenda katika ofisi za kampuni hiyo mara tatu. Mara ya kwanza binti wa kaunta alinihurumia, akasema mfumo ndio ulivyo. Mara ya pili niliambiwa niandike barua pepe. Nikaandika, nikajibiwa na mashine. Mara ya tatu nilikutana na mkubwa kidogo, akanieleza kwamba simu hufuatiliwa kwa ajili ya usalama wake mpaka deni liishe, na kwamba mimi mwenyewe nilikubali. Sikubishana naye kuhusu kukubali. Nilimuuliza swali moja tu: siku ile, ni nani aliyefungua ramani na kutazama simu yangu iko wapi? Akanyamaza, halafu akasema hiyo ni habari ya ndani ya kampuni.

Hapo ndipo moyo wangu uliposhindwa, na mpaka leo haujatulia. Nyumba niliyojificha na wanangu imekuwa habari ya ndani ya kampuni, kwamba mimi ninayelala humo sina ruhusa ya kuijua, ila mtu aliyenivunja mkono alijulishwa kwa simu bila kuomba.

Nina mpwa wangu yuko chuoni. Kwa jioni tatu mfululizo alinisomea Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, mimi nikipiga pindo kwa mkono, yeye akinitafsiria. Alipofika mahali inapoeleza mtu hutambulikanaje, nilimwomba arudie. Imetaja jina, imetaja namba ya kitambulisho, na baada tu ya hizo imetaja data ya mahali mtu alipo. Bunge la Kenya lilikwisha kusema kwamba nilipo ni sehemu yangu kama lilivyo jina langu. Akaendelea: kifungu cha 26 kinanipa haki ya kujua data yangu inatumiwa vipi na haki ya kuiona kwa aliyeishika. Kanuni za mwaka 2021 zinamtaka anayeombwa aitoe ndani ya siku 7, bila malipo. Na kuhusu kule kukubali, kifungu cha 32 kinasema anayedai nilikubali ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Athibitishe basi. Amlete kijana wa mwavuli aeleze ni kidole cha nani kilichobonyeza.

Na kabla ya sheria hiyo ipo Katiba, Kifungu cha 31, kinachokataza habari za familia ya mtu na mambo yake ya siri kufichuliwa pasipo sababu. Tena Sheria ya Kuzuia Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inahesabu kumwandama mtu kuwa ni ukatili. Yote yameandikwa. Sikuombi uniandikie kitu kipya.

Nikahama tena. Safari hii sikumwambia hata dada yangu nimekwenda wapi, nilimwambia tu ni salama. Mwezi uliopita chama kilinikopesha nikalipa deni lote kabla ya wakati wake, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa likiisha kampuni huondoa mkono wake kwenye simu. Nikaipata meseji ya kunipongeza. Nikalala vizuri wiki tatu. Halafu ikaja Ijumaa.

Nimempelekea fundi wa simu. Amenionyesha kwamba ile programu ya kampuni bado imo, na haikubali kufutwa. Ameniambia pia mambo mengine ambayo naona niyaseme, nisije nikamwonea mtu. Huenda, anasema, ni ile akaunti ya barua pepe ya simu, maana aliyeifungua ni mume wangu na nywila anaijua. Mwenye nywila anaweza kuitafuta simu kwenye ramani akiwa amekaa kwake. Huenda ni programu nyingine niliyoipa ruhusa bila kuelewa, ya tochi au ya michezo ya watoto. Huenda watu wa kudai wana namba yake bado na wamezoeana. Mimi nashuku kampuni, kwa kuwa walikwisha kufanya mara moja na hakuna aliyewauliza. Lakini kushuku si kujua, na hicho ndicho kinachonimaliza. Nikifunga mlango sijui namfungia nani. Akaunti tumeibadilisha. Simu nimeizima, nimeifunga kwenye kanga, iko kabatini kama maiti.

Sasa natumia mulika mwizi, ile simu ndogo ya vibonye. Haina picha, kwa hiyo wateja wangu wa Nairobi na wa Malindi nimewapoteza. Wiki hii nimeshona nguo mbili tu, za jirani. Na fundi ameniambia hata mulika mwizi husoma minara ya mtandao, kwa hiyo mwenye mtandao bado anajua niko upande gani wa mji. Nimemuuliza, basi mtu afanye nini? Akasema, asiwe na simu. Mheshimiwa, ada ya shule hulipwa kwa simu, zahanati hulipwa kwa simu, chama huchangwa kwa simu, na namba 1195 tunayohimizwa kuipiga tukipigwa, nayo hupigwa kwa simu.

Sisemi kwamba ofisi yako imelala. Nakumbuka Septemba 2023 mlipotangaza faini ya Sh2,975,000 kwa kampuni ya mikopo ya simu iliyochukua namba za watu na kuwasumbua kwa vitisho. Tulishangilia kule kwenye chama, maana wawili kati yetu walikuwa wamefanyiwa hivyo hivyo. Nakumbuka Julai 2025 Mahakama Kuu ilipobatilisha maagizo ya serikali ya kukusanya namba za IMEI za simu zinazoingia nchini, tukasikia redioni kwamba faragha ya Mkenya imelindwa. Basi serikali imezuiwa kuzikusanya namba hizo, na mimi yangu iko kwenye daftari la kijana chini ya mwavuli. Aliyemzuia huyo ni nani?

Na nakumbuka serikali yenyewe ikitutangazia kwamba wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba 2024. Januari 2025 likaundwa jopo la kuangalia ukatili wa kijinsia, pamoja na mauaji kama hayo. Natamani jopo lile lingeuliza, kwa kila marehemu, muuaji alijuaje alipo. Wengi waliishi na wauaji wao, hilo najua. Lakini wako waliokuwa wamekwisha toka, kama mimi, na sijamsikia mtu akiuliza waliofuatwa walifuatwa kwa njia gani.

Nilikuwa nimepanga kukuomba mengi. Nilitaka uamuru kwamba anayeuza simu kwa mkopo aweze kuifunga deni likichelewa lakini asiweze kuona iko wapi. Nilitaka mkataba usomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, na mwenye simu abonyeze mwenyewe. Nilitaka mdai asithubutu kumtamkia mtu wa tatu mahali mdaiwa alipo, awe mume, awe mama mzazi. Nilitaka deni likiisha programu itoke siku hiyo hiyo na aliyenidai anipe karatasi ya kuonyesha kwamba imetoka. Hayo bado nayataka, na wapo maelfu kwenye steji za nchi hii wanaoyahitaji kuliko mimi, ila hawajui kwamba wanatazamwa.

Lakini kwangu mimi, leo, ombi ni moja. Nataka orodha. Kila aliyetazama mahali simu yangu ilipo tangu siku niliyoichukua: jina lake au namba yake ya kazi, tarehe, saa, na alimwambia nani. Mashine inayoweza kuhesabu kwamba nimechelewa siku nne haiwezi kushindwa kukumbuka ni nani aliyefungua ramani. Orodha ikionyesha kwamba tangu nimalize deni hakuna aliyetazama, nitajua ilikuwa ni ile akaunti, na kwa kuwa tumeibadilisha nitawarudisha watoto shule. Ikionyesha jina, nitajua pia la kufanya, na polisi watakuwa na cha kushika. Bila orodha hiyo sijui nihame tena au nikae. Kodi ya mwezi huu nimelipa, ya nyumba ya tatu sina.

Kampuni nimeinyima jina hapa kwa sababu sitaki kesi gazetini. Jina lake limo kwenye bahasha, pamoja na namba ya OB, nakala ya barua pepe niliyowaandikia, risiti ya kumaliza deni na kauli za majirani wawili wa Mtwapa walioiona meseji ile. Kifungu cha 56 kinasema malalamiko yakishafikishwa kwako uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Nitaileta bahasha Jumatatu asubuhi, nitaomba nigongewe muhuri wa kupokelewa, na nitaanza kuhesabu siku hiyo.

Ukitaka kunijibu, usinipigie. Namba iliyo kwenye bahasha ni ya dada yangu. Mwambie yeye, naye atanifikishia.

Wako mtiifu,

Mshonaji, mama wa watoto wawili,
Pwani.