"Ni kweli" moja inavyomwondosha mtu nchini

Ndugu Mhariri,

Sisi wasaidizi wa kisheria wa Kasulu tunaomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Kila operesheni ya kusaka wahamiaji haramu inapopita Kibondo, Kasulu na Buhigwe mkoani Kigoma, mabishano huwa yale yale: huyu anasema mhamiaji haramu hana haki yoyote, yule anasema watu wanaonewa. Linaloachwa ni swali lenye maana zaidi: mtu akishakamatwa, sheria inampa nini, na anakipotezea wapi? Kwa maoni yetu wengi wanakipotezea kizimbani, kwa maneno mawili tu.

Shtaka husomwa: kuwepo Tanzania isivyo halali. Hakimu anauliza kama ni kweli. Kichwani mwa mshtakiwa, kweli ni kwamba yupo Tanzania na karatasi hana, basi anajibu, "Ni kweli." Maelezo ya kosa yanasomwa, nayo anayaitikia. Amekiri. Hukumu inaweza kutoka siku hiyo hiyo, na njia ya kuondoshwa imefunguka. Aliyekiri hana rufaa ya kupinga kutiwa hatiani. Anabaki na kupinga ukubwa au uhalali wa adhabu, isipokuwa aonyeshe kwamba kukiri kwake kulikuwa na utata au hakuelewa alichoulizwa. Kama Kiswahili chake ni cha kubahatisha, aombe mkalimani kabla shtaka halijasomwa. Kama alizaliwa hapa, au alikimbia vita, aseme hivyo wazi ili iandikwe kwenye kumbukumbu za shauri. Hatusemi adanganye. Tunasema asiitikie lile asilolielewa.

Aliyekana akatiwa hatiani hupeleka kusudio la rufaa ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu. Akiwa gerezani, karatasi hizo hupitia kwa mkuu wa gereza. Ndugu huja kwetu mwezi wa tatu baada ya hukumu, siku zimekwisha, na hapo inabidi kwanza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu za kuchelewa.

Lipo kundi ambalo halikupaswa kufika kizimbani kabisa: raia wasio na ushahidi mkononi. Muha wa Manyovu na Mrundi wa upande wa pili wa mpaka wanaelewana bila mkalimani, na pacha wa kwanza anaitwa Bukuru kote kote. Jina na lafudhi havithibitishi chochote. Maswali ya maafisa uhamiaji kuhusu babu na bibi yana asili yake: aliyezaliwa Tanganyika kabla ya tarehe 9 Desemba 1961 alipata uraia siku hiyo ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Basi kusanyeni vielelezo vya wazazi pia, si vya kijana peke yake: cheti cha ubatizo, cha shule ya msingi, kadi ya kliniki. Kinachoangusha watu mara nyingi ni herufi. Shuleni aliandikwa Bukulu, kwenye kitambulisho Bukuru, na mpelelezi anaona watu wawili. Kiapo mbele ya wakili au hakimu, kinachoeleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, kifanyike leo, si baada ya kukamatwa.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, iliamua tarehe 22 Machi 2018 kwamba mtu aliyekuwa akitambuliwa kuwa raia, mwenye hati za serikali, hapaswi kubebeshwa mzigo wa kuthibitisha uraia wake. Anayeupinga ndiye athibitishe. Kwa kuwa mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lake la kuruhusu watu binafsi kufungua mashauri katika mahakama hiyo, mwananchi hawezi tena kupeleka shauri jipya huko moja kwa moja, lakini hukumu ile bado inaweza kutajwa mbele ya mahakama zetu. Mtu anayeshikiliwa bila kufikishwa mahakamani, ndugu zake waende Mahakama Kuu, Kigoma au Tabora, kuomba aletwe mbele ya jaji. Hiyo ni kazi ya wakili. Sisi wasaidizi wa kisheria haturuhusiwi kusimama mahakamani wala kutoza ada, na anayewatoza kwa jina letu mkataeni.

Anayekimbia hatari, Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa siku 7 tangu kuingia kujisalimisha kwa afisa husika, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani (justice of the peace). Akifanya hivyo, kuingia bila kibali peke yake si sababu ya kumfunga. Aombe barua yenye tarehe na muhuri wa mtendaji, maana bila hiyo hana cha kuonyesha. Wengi hukaa kwanza kwa shemeji mpaka mavuno yaishe. Hata hivyo siku 7 zikipita, Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 bado unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini, kwa hiyo aseme tu, hata kama ni kituo cha polisi. Warundi wajue kwamba tangu Januari 2017 hawapokelewi tena kwa mkumbo. Kila mmoja anahojiwa kivyake, na maelezo yanayobadilika kati ya mahojiano mawili humharibia.

Mtoto aliyeletwa kufanya kazi kwenye tumbaku kwa ahadi za uongo ni mwathirika chini ya sheria ya 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Ajulishwe afisa ustawi wa jamii kabla faili halijafunguliwa kama la mhamiaji haramu.

Familia za Ulyankulu, Tabora, zenye asili ya Burundi, zilizopewa tajinisi (uraia wa kuandikishwa), ziwe macho na vyeti vyao. Toeni nakala tatu, zithibitishwe na wakili au hakimu, moja ikae kwa ndugu wa kijiji kingine. Afisa akitaka kubaki na cheti halisi, mwombeni aandike kwamba amekipokea, tarehe na jina lake.

Wasaidizi wa kisheria,
Kasulu, Kigoma