Barua ya wazi kwa Waziri: njoo upime hawa ng'ombe, usiwakadirie

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo na Mifugo, pokea salamu kutoka Kajiado, huku mvua imetunyeshea kidogo na ng'ombe wameanza kurudisha nyama mgongoni.

Juzi nilitembelewa na kijana wa mradi fulani wa kaboni, ako na tableti na buti safi kabisa. Mzee uko na ng'ombe wangapi? Nikamwambia arobaini na tatu. Wote wa nyama? Wote, maziwa ni ya watoto tu. Akaandika 43, akabonyeza, ikatoka hesabu ya mwaka mzima ya methani, ile gesi ng'ombe anabeua na inapasha dunia joto. Bomani hakuingia. Hakuuliza ndama ni wangapi, maksai ni wangapi, wala mwezi wa tisa walikula nini, na nikimuuliza hiyo namba imetoka wapi ananiambia ni ya IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, ya Afrika yote.

Nikatafuta nikasoma. Kumbe miongozo ya IPCC ya 2006 ilisema ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa anatoa kilo 31 za methani kwa mwaka, halafu 2019 ikarekebishwa ikawa kilo 52. Sasa mheshimiwa, hawa wangu hawakuongeza hata mbweu moja lakini kwa karatasi uchafu wao umepanda karibu theluthi mbili! Sisemi wametudanganya. Hiyo namba ni ya kuazima, ya nchi ambayo haijapima mifugo wake, na hao hao wanasema ukiwa na data yako tumia yako. Sasa sisi tutaazima mpaka lini?

Na si ati hatuna wanaojua. ILRI, ile taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo hapo Nairobi, wako na vyumba vya kufungia ng'ombe ndani, hewa yote anayotoa inapimwa. Kule Nyando watafiti walizunguka kwa wafugaji wadogo wakipima uzito wa ng'ombe msimu baada ya msimu, maana gesi inafuata chakula, na chakula cha ndama si cha fahali, cha masika si cha kiangazi. Hata idara yako ng'ombe wa maziwa ilishawahesabu kwa undani namna hiyo. Wa nyama wamekosa nini?

Niko na maksai mmoja wa kijivu. Machi 2022 tulimzungushia kifuani mkanda wa kukadiria uzito ukasoma kilo 290, Oktoba tukamfunga tena ukasoma 215, mbavu unazihesabu ukiwa barabarani. Huyo hakuwa anatoa gesi ya ng'ombe aliyeshiba, lakini wacha niseme ukweli hata kama unaniumiza: alichukua karibu miaka miwili zaidi kufika uzito wa sokoni, na siku zote hizo anacheua na kubeua, kwa hivyo ukigawanya gesi kwa kilo ya nyama anamshinda hata yule wa kulishwa ndani. Kwa kichwa anaonekana msafi, kwa kilo anaonekana mchafu. Hiyo tableti haikuona hata moja.

Halafu kuna samadi, na hapa pia sitajificha. Utafiti wa Kapiti, Machakos, uliochapishwa 2020, ulionyesha boma lililohamwa linaendelea kutoa nitrasi oksidi hata miaka arobaini baadaye, na hiyo gesi inapasha dunia joto kuliko methani, kilo kwa kilo, mara nyingi zaidi. Niliposoma nikakumbuka boma la babu, tulihama pale nikiwa mdogo na mpaka leo ukipita unaliona, duara la nyasi za kijani kibichi kati ya nyasi kavu. Kumbe linapumua bado. Hiyo nayo ihesabiwe, singependa tupime yale ya kutufurahisha peke yake.

Ninachoomba si maabara mheshimiwa. Afisa wa mifugo akija kuchanja, ng'ombe wote wanapita mmoja mmoja kwenye krashi, ule ujia mwembamba wa kuwashikia. Mpe mkanda na kitabu, aandike uzito, umri, dume ama jike, arudi tena kiangazi afanye vile vile. Kwa boma aulize samadi inaenda wapi, shambani ama inalala hapo hapo.

Yule maksai bado yuko, broka amenipigia mara tatu nimekataa. Chanjo ikifika tuma mtu na mkanda, tuanze na yeye.

Mfugaji, Kajiado