Hoja ya ukaguzi ijibiwe na aliyeisababisha

Mhariri,

Kila ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapotoka na halmashauri fulani ikapata hati yenye mashaka, yaani mkaguzi ameona kasoro kwenye hesabu zake, lawama ni ile ile: wahasibu hawana moyo na kazi. Mimi ni mhasibu katika halmashauri mojawapo mkoani Kigoma. Naomba nafasi nieleze moyo huo unapotelea wapi.

Si mshahara. Kima cha chini cha watumishi wa umma kilipanda Julai 2025 kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000, nani atakataa? (Majirani wanadhani mhasibu analalia noti, muuza migebuka wangu anajua nadaiwa kiasi gani.)

Kinachotumaliza ni Juni. Mwaka unafungwa tarehe 30, baadhi ya fedha za miradi zimeingia juzi, na kila idara inahofia zisirudi Hazina. Saa kumi na mbili jioni unaletewa hati ya malipo ya mabati: hakuna risiti ya mashine ya kodi (EFD), wala karatasi ya kamati iliyopokea mzigo. "Lipa, viambatisho vinakuja." Ukikataa, unakwamisha maendeleo. Ukilipa, mkaguzi anakuja miezi kadhaa baadaye, aliyekuletea hati amekwisha kuhamishwa, na hoja imebaki mezani kwako. Masurufu, zile fedha za safari ambazo mtu hupewa kisha azitolee hesabu, ndiyo usiseme. Mtu karudi safari zamani, marejesho mpaka umbembeleze, na pengine ni huyo huyo anayesaini likizo yako.

Likizo yenyewe ni hadithi. Julai hadi Septemba tunaandaa hesabu za mwisho, kisha wakaguzi wanaingia, kisha bajeti. MUSE, mfumo wa malipo serikalini, imetupunguzia adha kubwa ya malipo, hilo tuseme kweli, lakini mfumo haumlazimishi bosi kuleta risiti. Na kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, najaza kazi nilizofanya. Malipo mabovu niliyoyazuia sijaona pa kuyajaza.

Sasa wenzetu wanaopata CPA, cheti cha juu cha uhasibu, wanaanza kutafuta uhamisho kabla cheti hakijakauka wino, na wanaobaki wanajifunza kulipa bila kuuliza.

Nashauri wakurugenzi wafanye jambo moja lisilohitaji bajeti: kila hoja iandikwe jina la aliyeomba malipo na aliyeyaidhinisha, na majibu yadaiwe kwao, hata kama wamehamia Tabora au Dodoma. Mhasibu ajibu aliyokosea mwenyewe.

Mhasibu, Kigoma