Kwa Vijana wa Maskani za Mombasa, Kabla ya Agosti 2027

Vijana wetu,

Nawasalimu nyote mnaokutana katika maskani, yaani vijiwe vyenu vya mtaani, wa Kisauni na Likoni, wa Changamwe na Jomvu, wa Nyali na wa hapa Mvita. Nawaandikia kabla kampeni hazijapamba moto, kwa sababu wakati huo kila mmoja wenu atakuwa ameshaitwa upande fulani, na aliyekwisha kuvaa fulana ya mgombea huwa mgumu wa kusikia shauri.

Kuhusu noti ya mia mbili na paketi ya unga za kununulia kura sina mengi. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamtia hatiani mtoaji na mpokeaji pia, na hilo mnalijua. Wala simo miongoni mwa wanaomcheka bibi aliyepokea unga siku ambayo jiko lake halikuwashwa. Ila wapo wazee wenzangu wanaowanong'oneza mle vya mgombea kisha kura mumpe mwingine, na shauri hilo nalipinga. Kura ni ya siri, kweli, lakini aliyemwaga fedha wadi nzima akashinda huingia bungeni akijiona hana deni na mtu, na mtakapomfuata kwa ajili ya mabomba makavu au taka zilizoziba njia, atawatazama kama watu waliokwisha kulipwa.

Kinachonisumbua zaidi ni yale yanayofanyika katika miaka mitano baina ya uchaguzi na uchaguzi. Basari ya kaunti, yaani msaada wa karo, ni fedha ya umma, lakini mzazi huelekezwa kwa mtu wa mheshimiwa ili jina la mwanawe liingizwe. Vibarua vya kufagia barabara na kuzibua mitaro hugawiwa kwa orodha iliyoandikwa na waliopiga debe, ilhali Katiba, katika ibara ya 232, inataka ajira ya umma ifuate ushindani wa haki na sifa za mtu. Kwa njia hiyo mtu hupewa haki yake kwa sura ya fadhila, na aliyefadhiliwa huona haya kumdai mfadhili hesabu. Najua mtaniambia kwamba kazi hakuna. Ni kweli, makasha ya bandarini yalipohamishiwa reli mpya, wengi wa Changamwe na Jomvu waliokuwa wakiishi kwa malori walikosa riziki. Lakini kazi zinapopungua ndipo ile orodha inapopanda thamani, na mwenye kuishika hana sababu ya kutamani kazi ziongezeke.

Mwakilishi wadi, kwa ibara ya 185 ya Katiba, kazi yake ni kutunga sheria za kaunti na kuisimamia serikali ya kaunti. Akiwa yeye ndiye mgawaji, nani atamkagua mgawaji? Mnamo Agosti 2022, Mahakama ya Juu ilibatilisha Sheria ya CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ya mwaka 2013, na miongoni mwa sababu zake ni hiyo ya kumchanganya mbunge na utekelezaji wa miradi. Hukumu ile ilihusu wabunge wa kitaifa, lakini sioni kwa nini hoja yake isitufae katika wadi zetu 30.

Sasa nije kwenu hasa. Madalali wa kisiasa hawana muda wa kununua kura mojamoja; hununua maskani kwa jumla, kupitia kwa kiongozi wake, ambaye hupokea bahasha kisha huwagawia mabaki. Kubalianeni basi kwamba mgombea akija azungumze mbele ya wote, asionane na mtu faraghani, na majibu yake yaandikwe. Muulizeni orodha ya basari itabandikwa wapi, na nani atachagua watu wa vibarua. Na anayewakodi mkavuruge mkutano wa mpinzani wake, mkataeni bila mjadala, kwani jela hamtaingia naye.

Msingoje kampeni, tena. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mara nyingi ukumbi hujaa wale walioletwa kwa basi la mheshimiwa, kwa hiyo nendeni kwa miguu yenu, mkiwa mmeisoma sehemu ya wadi yenu. Vilevile, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia yeyote kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, nayo ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 21. Andikeni barua moja kwa kila maskani, muulize fedha za basari za wadi yenu mwaka huu zilikuwa kiasi gani, zilikwenda shule zipi, na kwa vigezo gani. Wekeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na mwakilishi aliye madarakani akija kuomba kura tena, mwonyesheni barua hiyo pamoja na jibu lake, au mumwambie kwamba jibu halikuja.

Ni mimi mzee wenu,
Tudor, Mombasa