Kamanda, gesi ya kukatia isubiri kwanza

Barua ya wazi kwa Kamanda wa Zimamoto wa mkoa wetu

Ndugu Kamanda,

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Ghala lililoungua wiki iliyopita nyuma ya stendi tulilisimamisha mimi na vijana wangu: nguzo kumi na mbili, kenchi sita za kubeba paa, mabati juu na pembeni. Kabla hata moshi haujakata tukaambiwa ni shoti ya umeme, na kijana aliyefunga nyaya ameshaanza kukimbiwa na wateja. Jana nimewakuta wanunuzi wa skrepa wanazikadiria kenchi kwa macho, mtungi wa gesi uko juu ya guta.

Naomba uwazuie.

Chuma kikifika kama nyuzi 600 kimeshapoteza karibu nusu ya nguvu yake. Kinalegea na kulala bila kuyeyuka, maana kuyeyuka ni mpaka karibu 1,500. Nguzo ya nne, ya mlangoni, imeinama kama mgomba uliolemewa na mkungu, na kila apitaye anaapa moto ulianzia hapo. Mimi nasita. Hapo palipangwa magodoro, na mlango ulikuwa nusu wazi, upepo ukiingia. Moto ulishiba hapo. Ulikozaliwa hatujui bado.

Nenda ukuta wa nyuma, uchuchumae. Bati limebabuka rangi kuanzia usawa wa goti, alama ikipanuka kwenda juu kama herufi V, na zinki imegeuka nyeupe kama chokaa. Alama kama hiyo huweza kuelekeza moto ulikoanzia; mvua moja tu, kutu itaila.

Na hiyo shoti: vishanga vya shaba, yaani vitone vilivyoyeyuka kwenye waya, vinaonyesha tu kwamba umeme ulikuwemo. Moto wenyewe ukila ganda la waya, nyaya hugusana na kuacha vishanga vilevile. Faida ya vishanga ni kujua viko kwenye laini ipi, umbali gani kutoka meinswichi. Nyaya zikishafungwa mafungu kwa kilo, nani atajua?

Hata New York, jengo namba 7 la World Trade Center, ghorofa 47, liliungua kwa muda wa karibu saa saba na kuanguka 11 Septemba 2001. Chuma chake kiliondolewa mapema, na wachunguzi waliotoa ripoti mwaka 2008 walitegemea zaidi picha, video na hesabu za kompyuta.

Mchoro wa ghala ninao. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa getini na chaki, niandike namba kwenye kila nguzo pamoja na vijana wako, kama utawatuma.

Wako,
Fundi wa ghala